UZI: Kuboresha kliniki ya presha kituoni, na kuandika matokeo ili kituo kingine kiweze kurudia

Daktari wa Kata (#1)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wanaofanya kazi zahanati, vituo vya afya na kliniki za wagonjwa wa nje za wilaya, pamoja na wanaosomea tiba ya familia. Vituo vyetu vinabuni njia nzuri za kuhudumia wagonjwa, na nyingi zinakufa siku muuguzi aliyezibuni anapohamishwa. Ama hazikuandikwa kabisa, ama ziliandikwa kwa mstari mmoja, "huduma zimeboreka", ambao mtu wa wilaya jirani hawezi kuutumia kwa lolote.

Nachukua presha kama mfano. Inapimwa kwa namba, dawa zake za mwanzo zinapatikana ngazi ya chini, na mgonjwa anarudi mara kwa mara, kwa hiyo mabadiliko yanaonekana ndani ya miezi michache. Tena tafiti nyingi za presha zinafanyika hospitali za rufaa, kwa watu ambao tayari wana kiharusi au figo zimeharibika. Mama wa miaka 52 anayekuja zahanati akiwa na 156/94 na hajisikii vibaya popote hayumo kwenye tafiti hizo. Yumo kwenye daftari letu.

Jambo hili si geni. Julian Tudor Hart alikuwa daktari wa familia huko Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe nchini Wales. Alipima presha za watu wazima wa kijiji kizima, akaweka orodha, akawafuata wasiokuja. Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya miaka 25: vifo vya watu ambao hawajafika uzeeni vilikuwa vichache kuliko kijiji jirani chenye maisha yanayofanana. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na daftari lisilomwacha mtu.

Hatua ya kwanza ni kuandika swali kwa sentensi moja, likiwa na mambo manne: nani, unabadilisha nini, unapima nini, kwa muda gani. Mfano ambao tutautumia uzi mzima:

"Kwa wagonjwa wapya wa presha waliosajiliwa kituoni, je, kupanga kadi kwa tarehe ya kurudi na kumpigia simu aliyekosa ndani ya siku 7 kutaongeza idadi ya walio chini ya 140/90 (presha iliyodhibitiwa) miezi 6 baada ya kusajiliwa?"

Swali lako likishindwa kuingia kwenye sentensi moja, una miradi miwili. Chagua mmoja.

Karibuni tujenge. Nesi wa Zamu, anza na vipimo, maana namba ikiwa mbovu pale mwanzoni, hakuna hesabu itakayoiokoa.

---

Nesi wa Zamu (#2)

Asante daktari.

Kabla ya kubadilisha chochote kituoni, wiki mbili za kwanza zitumike kusawazisha upimaji tu. Kwa nini? Ukianza kupima vizuri siku ileile unayoanzisha mradi, presha "zitashuka" kwa sababu ya upimaji, na wewe utausifu mradi.

Utaratibu: mgonjwa amekojoa, hajanywa kahawa wala chai ya rangi, hajavuta sigara, hajatembea mwendo mkali kwa dakika 30. Anakaa kimya dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, hajaipishanisha. Mkono uko wazi bila nguo, umelazwa juu ya meza, katikati ya mkanda ikiwa sawa na moyo. Hakuna kuongea, na anayepima pia asimuulize habari za nyumbani. Pima mara mbili, dakika 1 hadi 2 kati yake, andika ZOTE mbili, kisha wastani.

Mkono ndio unaopuuzwa zaidi. Utafiti wa Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2024 ulilinganisha mikao. Mkono ukiwa mapajani badala ya mezani, namba ya juu ya presha ilisoma zaidi kwa karibu 4 mmHg. Ukining'inia pembeni, ilizidi kwa 6.5. Mtu wa 136 anageuka 142 na kuanzishiwa dawa za maisha kwa sababu kituo hakina meza.

Mkanda: pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 22 hadi 26 mkanda mdogo wa mtu mzima, 27 hadi 34 wa kawaida, 35 hadi 44 mkubwa. Mpira wa ndani unatakiwa kuzunguka 80% ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba. Kwa mashine za betri, fuata kipimo kilichochapishwa kwenye mkanda wenyewe, na usivalishe mkanda wa kampuni nyingine hata kama plagi inaingia. Andika ukubwa wa mkanda kwenye kadi ili anayepima mwezi ujao asibahatishe.

Mashine za mshale: mshale kukaa kwenye sifuri hakuthibitishi kwamba mashine ni sahihi. Kila miezi 6 iunganishe kwa mpira wenye umbo la Y na mashine ya kulinganishia iliyohakikiwa, soma kwenye 50, 100, 150 na 200. Tofauti ikizidi 3 mmHg, itoke kwenye huduma. Wakati wa kupima, pampu hadi 30 mmHg juu ya pale mapigo ya mkononi yanapopotea, kisha achia hewa kwa 2 mmHg kila sekunde. Kuachia haraka kunashusha namba ya juu na kupandisha ya chini.

Mashine za betri hazitegemeki sana kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Shika mapigo kwanza. Yakiwa hovyo, pima mara tatu, au tumia stethoskopu. Kwa wajawazito tumia mashine iliyohakikiwa kwa wajawazito, siyo yoyote iliyopo.

Kuna njia rahisi ya kukagua kama watu wanapima kweli. Chukua vipimo 100 vya mwisho vya namba ya juu ya presha, hesabu vinavyoishia na 0. Kwa mashine ya betri vinatakiwa kuwa kama 10. Kwa mashine ya mshale, ambayo inasomwa kwa namba shufwa, kama 20. Ukikuta 60, daftari lako limejaa 130/80 na 140/90 za kukadiria. Usianze mradi hapo.

---

Mhesabu (#3)

Nesi amemaliza upande wa kalamu. Mimi naomba mnisikilize kwenye kigawanyo, yaani idadi ya watu tunayogawanyia kupata asilimia, maana hapo ndipo ripoti nyingi zinapopotosha bila mwandishi kukusudia.

Tumia kipimo cha HEARTS, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa huduma za presha na moyo: kati ya waliosajiliwa kwenye robo mwaka iliyoisha miezi 6 iliyopita, wangapi walikuwa chini ya 140/90 kwenye hudhurio lao la mwisho la robo hii?

Mfano wa kubuni. Januari hadi Machi mlisajili watu 60. Mwisho wa Septemba mnafungua daftari na kuangalia Julai hadi Septemba:

- 24 walikuja, presha imedhibitiwa
- 16 walikuja, bado iko juu
- 20 hawakuonekana robo yote

Jibu sahihi ni 24 kwa 60, yaani 40%. Wengi wataandika 24 kwa 40, yaani 60%, kwa sababu ndio waliokuwa mbele yao. Tofauti hiyo yote ni watu 20 walioacha kuja, na miongoni mwao ndimo atakamotoka wa kiharusi. Kwa kipimo hiki asiyeonekana anahesabiwa kama hajadhibitiwa. Kali, lakini ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo itakavyomwezesha mtu wa Kigoma kulinganisha na mtu wa Kilifi.

Angalizo: anayehamia kituo kingine kwa barua ya rufaa, au aliyefariki, aandikwe kwenye safu yake na itajwe kwenye ripoti. Usimfute kimyakimya kwenye 60.

Pamoja na matokeo hayo, chagueni vipimo viwili vya ziada. Kimoja cha utendaji: kati ya waliokosa tarehe, wangapi walipigiwa ndani ya siku 7? Kingine cha kuangalia madhara ya mradi wenyewe: muda wa kusubiri, au idadi ya waliolalamika kizunguzungu namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 110. Mradi unaopandisha udhibiti huku foleni ikifika jioni hautadumu.

---

Tabibu wa Kisumu (#4)

Hamjambo wenzangu. Swali la kiutendaji: kaunti ndogo yetu ina vituo visivyo na kompyuta. Hayo ya "aliyekosa ndani ya siku 7" mnayajuaje bila mfumo? Na mgonjwa anayepata namba mpya kila mwaka daftari linapoanza upya?

---

Daktari wa Kata (#5)

Karibu daktari. Kasha la kadi linatosha. Wenzetu wa kifua kikuu na VVU wametumia utaratibu wa namna hii kwa miaka.

Vifaa: kasha la mbao au boksi gumu, vigawanyo 31 vya siku na 12 vya miezi, kadi ngumu za ukubwa wa nusu ya A4. Kadi inakaa kituoni, mgonjwa ana kitabu chake. Juu ya kadi: namba ya kudumu, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, tarehe ya kusajiliwa, mkanda wa saizi gani, simu, na SIMU NI YA NANI. Chini ni jedwali: tarehe, presha mbili, dawa na dozi, idadi ya vidonge alivyopewa, tarehe ya kurudi.

Mgonjwa akiondoka, kadi inawekwa kwenye kigawanyo cha tarehe ya kurudi. Akija, inatolewa. Jioni, kadi zilizobaki kwenye kigawanyo cha leo ndio waliokosa. Orodha imejitengeneza yenyewe. Zinahamia nyuma ya kasha kwenye sehemu ya "kufuatilia", kila moja ikiandikwa tarehe kwa penseli.

Kuhusu namba: itolewe mara moja na isibadilike. Daftari la MTUHA (la taarifa za huduma za afya), au la kaunti kwa upande wenu, liendelee na namba zake. Namba ya kliniki iandikwe pembeni. Bila hivyo mtu mmoja atahesabiwa mgonjwa mpya Januari na mtoro Desemba, na kigawanyo cha hesabu alichosema Mhesabu kinaharibika pande zote mbili.

Yanayoharibu kasha: mtu wa zamu ya Jumamosi asiyejua utaratibu anarudisha kadi kwa alfabeti, tarehe ya kurudi inaangukia sikukuu, mgonjwa anakuja kabla ya siku kwa ajili ya mafua na kadi haitolewi. Bandika maelezo ya mistari mitano ndani ya kifuniko. Na kila mwisho wa mwezi hesabu kadi zote. Jumla isipolingana na daftari, tafuta siku hiyohiyo.

Kwenye simu, ugonjwa usitajwe kwa aliyepokea. "Napiga kutoka kituo cha afya, naomba kuongea na fulani" inatosha. Wengine simu ni ya mtoto au jirani, na siri ya mgonjwa ni yake. Ruhusa ya kupigiwa au kutumiwa ujumbe iulizwe siku ya kusajiliwa na iwekewe alama kwenye kadi.

---

Mfamasia wa Wilaya (#6)

Naomba niingie, maana miradi hii inafia stoo.

Mnapofaulu kurudisha wagonjwa na kuongeza dozi kama mwongozo unavyotaka, matumizi ya dawa hayaongezeki kwa idadi ya vichwa. Tuchukue kituo chenye wagonjwa 150 wanaotumia amlodipini, dawa ya presha, na stoo ina vidonge vya 5 mg tu. Tisini wanameza kimoja kwa siku, sitini wamefikishwa 10 mg kwa hiyo wanameza viwili.

90 × 30 = 2,700
60 × 60 = 3,600
Jumla kwa mwezi: 6,300

Aliyeagiza kwa vichwa aliandika 150 × 30 = 4,500. Kwa vidonge 210 kwa siku, stoo inakauka siku ya 22. Wagonjwa wanarudi mikono mitupu, wiki ya nne presha zimepanda, na grafu yenu itaonyesha mradi umeshindwa wakati kilichoshindwa ni oda. Hesabuni vidonge kwa siku kutoka kwenye kadi, siyo watu.

Jambo la pili ni dawa za miezi mitatu kwa waliotulia. Ni nzuri sana, inapunguza foleni na nauli. Lakini mkiwahamisha wote mwezi mmoja, mnatoa dawa za robo mwaka kwa siku 30. Gawanya orodha mafungu matatu, hamisha fungu moja kila mwezi.

Tatu, kwa anayeandika dawa: amlodipini inavimbisha vifundo vya miguu, hasa kwenye 10 mg. Mgonjwa anaacha kimyakimya, au anaongezewa furosemaidi ya kukausha maji, dawa ambayo haitibu uvimbe wa namna hiyo. Rudisha 5 mg na ongeza dawa ya kundi lingine. Enalaprili na losartani, dawa nyingine za presha, zisitolewe kwa mjamzito wala anayetarajia kushika mimba. Na kikohozi kikavu baada ya enalaprili kiulizwe kabla hujaandika antibayotiki. Safu ya "sababu ya kubadili dawa" iwepo kwenye kadi. Hiyo peke yake ni data ambayo wengine wataihitaji.

---

Nesi wa Zamu (#7)

Nyongeza fupi kwenye hoja ya kuacha dawa. Mkimuuliza mgonjwa "unakunywa dawa?" atajibu ndiyo, kwa heshima. Ulizeni hivi: "Watu wengi husahau dawa siku nyingine. Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi hukuzinywa?" Halafu nyamaza, mpe nafasi. Na muulizaji awe yuleyule au atumie maneno yaleyale, yaandikwe kwenye kadi, la sivyo hamlinganishi kitu.

---

Mhesabu (#8)

Sasa grafu, na mtego mmoja mkubwa.

Grafu ya mwenendo inachorwa kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Wima ni asilimia, mlalo ni wiki au mwezi. Weka angalau nukta 10. Chora mstari kwenye namba ya katikati: panga nukta za kipindi cha kabla ya mradi kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Kisha endeleza mstari huo mbele bila kuubadilisha. Mabadiliko ya kweli yanatambulika kwa nukta 6 au zaidi mfululizo zikiwa upande mmoja wa mstari, au nukta 5 au zaidi zikipanda mfululizo (au kushuka). Nukta moja ya juu siyo habari, hata kama imeangukia wiki ya ukaguzi.

Wiki yenye wagonjwa 12, mtu mmoja ni zaidi ya 8%. Unganisha wiki mbili au tatu, grafu itulie. Andika matukio juu ya grafu palepale: dawa ziliisha, kampeni ya chanjo ilichukua wauguzi, mvua zilikata barabara, muuguzi mpya aliingia. Bila hayo msomaji wa mbali hawezi kuelewa bonde la mwezi Aprili.

Mtego: kurudi kwenye wastani. Presha ya mtu inapanda na kushuka kila siku. Ukichagua watu kwa sababu leo wamesoma 160 na zaidi, umewachukua wengi wao wakiwa kwenye siku zao za juu. Wiki mbili baadaye, bila dawa wala mradi, wastani wa kundi utashuka. Kwa hiyo "kabla 168, baada 149" peke yake haithibitishi chochote.

Kuna njia tatu za kujilinda. Ya kwanza, tumia kipimo cha siku ya PILI kuwa mwanzo, siyo kile cha kumgundua. Ya pili, linganisha kundi la Januari hadi Machi, kabla ya mradi, na la Julai hadi Septemba, baada ya mradi, yote yakipimwa miezi 6 baada ya kusajiliwa. Mtego utayagusa yote mawili sawasawa. Ya tatu ndiyo naipenda zaidi: vituo viwili vya kata jirani, kimoja kianze sasa, cha pili kianze baada ya miezi 6 huku kikipima tangu siku ya kwanza. Hakuna mgonjwa anayenyimwa kitu cha kudumu, na kulinganisha kunakuwa kwa haki.

---

Bint Unguja (#9)

Shukrani kwa elimu hii. Mimi nauliza la vibali. Tukiboresha kliniki yetu tu, tunahitaji kibali cha maadili? Na tukitaka kuchapisha baadaye?

---

Daktari wa Kata (#10)

Swali zuri, dada, na liulizwe kabla ya kuanza. Kamati za maadili kwa kawaida hazitoi kibali kwa kazi iliyokwisha kufanyika.

Kukagua huduma zenu kwa matumizi ya ndani, kwa kipimo kilichopo kwenye mwongozo, kwa kawaida ni kazi ya kituo. Barua ya mganga mfawidhi na taarifa kwa timu ya afya ya wilaya zinatosha. Mkiwa na nia ya kuchapisha, au mnajaribu kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo, au mnagawa vituo kwa makundi kama alivyosema Mhesabu, pelekeni andiko kwenye kamati. Tanzania Bara ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya chuo kwa waliomo vyuoni. Kwenu Zanzibar ni Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Kenya ni kamati iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Kamati yenyewe inaweza kuwaandikia kwamba kazi hii haihitaji kibali kamili, na barua hiyo ndiyo jarida litakayoiuliza.

Upande wa taarifa za wagonjwa, Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa vitendo: majina na simu vibaki kwenye kasha. Faili ya hesabu iwe na namba ya utafiti, umri kwa miaka, jinsia, na idadi ya siku tangu kusajiliwa badala ya tarehe kamili. Ufunguo unaounganisha namba na majina ukae kabatini, mbali na kompyuta yenye faili. Kijiji chenye mgonjwa mmoja wa miaka 94 kila mtu anamjua. Unganisha umri kwa mafungu. Na picha ya ukurasa wa daftari isitumwe kwenye kundi la WhatsApp, hata la watumishi wenyewe.

---

Daktari wa Kata (#11)

Tuje kwenye kuandika, maana ndiyo sababu ya uzi huu.

Linganisheni sentensi mbili. Ya kwanza: "Wagonjwa waliokosa kliniki walifuatiliwa kwa simu."

Ya pili: "Muuguzi mmoja alipiga simu kila Jumatatu na Alhamisi, saa 9 hadi 10 alasiri, kwa kadi zote zilizopitiliza siku 3. Kila mgonjwa alipigiwa hadi mara 3 katika siku tofauti. Asiyepatikana, jina lake lilipelekwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye alimtembelea ndani ya siku 14. Vocha ilitolewa na kituo."

Ya pili mtu wa Singida anaweza kuianza wiki ijayo. Kuna orodha mbili za kimataifa zinazosaidia: TIDieR, yenye vipengele 12 vya kueleza ulichofanya (nani, wapi, kwa vifaa gani, mara ngapi, kilibadilishwa nini njiani, kilifanyika kwa kiwango gani), na SQUIRE 2.0 ya mwaka 2015, ya ripoti za uboreshaji wa huduma. Fuateni hizo badala ya kunakili muundo wa tasnifu.

Mazingira yaelezwe kwa uwazi: watumishi wangapi, wagonjwa wangapi kwa siku, umbali wa kijiji cha mbali, dawa zinalipiwa au la, umeme upo au haupo. Njia iliyofaulu kituo chenye wauguzi 9 inaweza kushindwa chenye 2, na msomaji anastahili kujua hilo kabla hajajaribu. Gharama pia: kasha, kadi, vocha kwa mwezi, saa za muuguzi kwa wiki. Wasimamizi wa bajeti huanza hapo.

Viambatisho ndivyo vyenye thamani kuliko yote. Wekeni kadi yenyewe, maneno ya kupiga simu, na jedwali la hesabu tupu, kwa Kiswahili kilekile mlichotumia. Kila faili iwe na tarehe ya toleo.

Pa kupeleka: kwanza kikao cha robo mwaka cha wilaya, ukurasa mmoja na grafu moja. Pili mkutano wa kitaaluma. Muhtasari mara nyingi hauzidi maneno 250, kwa hiyo namba ziingie na sifa zitoke. Tatu jarida. African Journal of Primary Health Care & Family Medicine linachapisha kazi za ngazi hii na ni wazi kwa kila msomaji. Ulizeni punguzo la ada KABLA ya kutuma. Jarida linalowaandikia lenyewe kwa barua pepe, kuahidi kukubali ndani ya siku chache na kutaja ada mwishoni, liacheni. Kagueni kama limo kwenye orodha za majarida za DOAJ au AJOL. Na kwa kusoma kazi za wengine, taasisi zetu nyingi zinastahili Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungua majarida. Muulizeni mkutubi wa chuo kilicho karibu.

Majina ya waandishi yakubaliwe mwanzoni kwa maandishi. Muuguzi aliyeunda kasha na kupiga simu miezi yote hiyo apewe nafasi ya kusoma na kurekebisha rasimu, awe mwandishi. Kumshukuru kwa mstari wa mwisho hakutoshi.

---

Tabibu wa Kisumu (#12)

Nimeelewa vizuri sana. La mwisho: tukimaliza na udhibiti haukupanda? Wakubwa hawatapenda, na jarida je?

---

Mhesabu (#13)

Daktari, iandikeni. Ila kwanza angalieni kama mradi ulifanyika kweli. Kati ya waliokosa 80, wangapi walipigiwa? Wangapi walipokea? Wangapi walirudi? Kama walipigiwa 30 na wakapokea 18, hamjajaribu simu. Mmegundua kwamba muuguzi mmoja hawezi kumaliza orodha, au kwamba namba zimekufa. Hayo ni matokeo yenye manufaa na yana dawa yake. Lakini kama walipigiwa 76, wakapokea 70, wakarudi 60, na presha bado ziko juu, tatizo liko chumba cha daktari: hesabuni mahudhurio yote yaliyosoma 140/90 na zaidi, na mangapi kati yake dozi iliongezwa au sababu ya kutoongeza iliandikwa.

Chapeni ngazi hiyo yote, kuanzia 80 hadi namba ya mwisho, kwenye jedwali moja.

---

Nesi wa Zamu (#14)

Na wagonjwa wenyewe waonyeshwe. Kwenye ukuta wa kusubiria bandikeni karatasi yenye duara 60, zipakeni rangi 24, chini muandike "waliotulia robo hii". Hakuna jina. Wataanza kuuliza maswali kwenye benchi, na baadhi ya maswali hayo ndiyo mradi wenu unaofuata. Kwetu linaloulizwa zaidi ni kwa nini siku ya kliniki imepangwa siku ya gulio.

---

Mfamasia wa Wilaya (#15)

Hilo la gulio lijaribiwe peke yake, msilichanganye na simu. Hamisheni siku ya kliniki kwa robo moja, kasha libaki vilevile, na mnitaarifu mapema wiki sita ili oda iendane na siku mpya.